Blogu Inayodumu: Kwa Nini Nyingi Huzimika Mapema na Chache Hukua

Fungua blogu yoyote ya Kiswahili iliyoachwa na mwenyewe, usome makala zake kwa mpangilio wa tarehe. Mara nyingi utakuta mtiririko uleule. Makala ya kwanza inawakaribisha wageni na kuahidi habari, elimu na burudani. Ya pili hadi ya tano zimeandikwa ndani ya wiki moja. Ya sita imekuja baada ya miezi miwili na inaanza kwa kuomba radhi kwa ukimya. Ya saba haipo.

Aliyeiandika hakuwa mvivu, na mara nyingi hakukosa hata kipaji. Vifaa navyo vilikuwapo, kwani kufungua blogu leo hakudai zaidi ya simu, bando na jioni moja ya utulivu. Alichokosa ni jibu la maswali mawili: namwandikia nani, na ananijia kwa shida gani? Bila majibu hayo kila makala inaanza upya, kila mada inafaa sawa na nyingine, na siku mwandishi anapochoka hakuna msomaji anayeona pengo.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba blogu hukua pale inapogeuka kuwa mahali ambapo mtu fulani, mwenye swali fulani, ana hakika atapata jibu la kutegemewa leo na mwakani pia. Jina, muundo, matangazo, mitandao ya kijamii na pesa vyote vina nafasi yake, lakini vinafuata nyuma ya hilo. Anayevitanguliza hujikuta na ukurasa unaopendeza usio na kazi.

Je, zama za blogu hazijapita?

Swali hili ni halali. Vijana wako TikTok na Instagram, wazee wako kwenye makundi ya WhatsApp, na habari motomoto hufika huko kabla hata mwandishi hajafungua kompyuta. Kama shabaha yako ni kuwa wa kwanza kutangaza kilichotokea, blogu imeshashindwa mbio hizo.

Lakini tazama kinachotokea baada ya hapo. Ulichoweka kwenye status ya WhatsApp kinatoweka baada ya saa 24. Ulichoandika kwenye kundi kinazikwa na salamu za asubuhi, michango ya harusi na ubishi wa Simba na Yanga. Video inatazamwa siku mbili tatu kisha inasahaulika. Makala iliyoandikwa vizuri, yenye anwani yake ya kudumu, hupatikana kwa kutafuta Google miaka mitano baadaye, na mtu ambaye hakuwa akikujua kabisa siku ulipoiandika.

Kwa hiyo mitandao ya kijamii inashika kinachopita, na blogu inahifadhi kinachobaki. Mwanzilishi akilielewa hili mapema, hataandika mambo ya kuisha kesho mahali palipofaa mambo ya kudumu.

Waliotangulia walifanya nini

Programu za kublogu zilizofungua mlango wa kuchapisha mtandaoni kwa watu wa kawaida zilikuja ndani ya miaka michache. Blogger ilianzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, na mwaka huohuo WordPress ikatolewa. Kabla ya hapo, kuchapisha mtandaoni mara nyingi kulidai ujuzi wa kuandika kurasa za tovuti kwa mkono.

Kwa Kiswahili, jina la kutangulia ni Ndesanjo Macha. Mwaka 2004, akiwa Marekani, alianza kuandika Jikomboe, blogu ya siasa, fikra na utamaduni. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuwashawishi Waswahili wengine wafungue za kwao na kuwaelekeza namna ya kufanya hivyo, wakati ambapo wengi waliamini intaneti ni ya Kiingereza. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alifungua yake mwaka 2005. Njia yake ilikuwa nyepesi: picha ya tukio la siku, na maneno machache chini yake. Wasomaji aliwaita wadau, na kazi yenyewe akaiita libeneke. Mtanzania aliyekuwa mbali na nyumbani alijua kwamba akiingia pale ataona nani kaoa, nani kafariki, mvua imefanya nini jijini na viongozi wamekutana wapi.

Kenya ina mifano yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipozuia matangazo ya moja kwa moja, Ory Okolloh aligeuza blogu yake ya Kenyan Pundit kuwa mahali pa kupokea na kuchapisha taarifa za ghasia. Taarifa zilipomzidi, alitoa wito wa kutafuta wataalamu wa kutengeneza ramani ya matukio. Waliojitokeza, wakiwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walishirikiana naye kuijenga Ushahidi mnamo Januari 2008, programu iliyokuja kutumika katika maafa na chaguzi za nchi nyingi. Mfano mwingine ni Jackson Biko, maarufu kama Bikozulu, anayeandika kwa Kiingereza. Wasomaji wake wamezoea Jumanne: siku hiyo wanafungua wakijua kuna hadithi mpya.

Watu hawa wanne hawafanani kwa mtindo wala kwa mada. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na msomaji anayejulikana na haja inayojulikana. Macha alikuwa na Mswahili aliyetaka kufikiri kwa lugha yake, na Michuzi alikuwa na mtu wa mbali mwenye hamu ya nyumbani. Okolloh alikuwa na raia aliyefungiwa habari, na Biko ana msomaji wa mjini anayetaka kisa kilichopikwa kikaiva. Hakuna aliyeanza kwa kuahidi habari, elimu na burudani kwa kila mtu.

Kutoka mada hadi swali

Ushauri unaotolewa sana kwa anayeanza ni achague mada anayoipenda. Ushauri huo si mbaya, ila haujitoshelezi, kwa sababu mada ni pana mno. Kinachomleta mtu kwenye ukurasa ni swali.

Tuchukue ufugaji wa kuku, jambo linalogusa kaya nyingi za Afrika Mashariki. Mwanzilishi ataandika makala ya kwanza aiite "Faida za Ufugaji wa Kuku wa Kienyeji". Makala za jina hilo ni nyingi mno, na mfugaji hazihitaji, kwani faida anazijua ndiyo maana akafuga. Sasa mfikirie mama mmoja wa Singida mwenye kuku ishirini. Ameamka amekuta watatu wamekufa, mmoja shingo imepinda, wengine wanahara kinyesi cha kijani. Anachukua simu na kuandika: kuku wanakufa shingo imepinda.

Makala itakayomfaa inaitwa kwa maneno yake mwenyewe: "Kuku Wanakufa Ghafla na Shingo Kupinda: La Kufanya Leo". Aya ya kwanza inamwambia kwamba dalili hizo zinaelekea kwenye kideri, ambacho kwingine huitwa mdondo, na kwamba ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuthibitisha. Aya ya pili inamwambia ukweli mchungu: ugonjwa huo hauna tiba, na chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuugua. Halafu hatua za leo: watenge walio wagonjwa, wazike au wachome waliokufa, usiuze, usitupe mizoga jalalani, usipeleke kuku kwa jirani. Mwishoni inamweleza namna ya kujikinga safari ijayo: chanjo ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Inamshauri pia akubaliane na majirani wachanje siku moja, kwa kuwa kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wake, na kwa kuwa kuku wa jirani wasiochanjwa wanaubakiza ugonjwa mtaani.

Makala hiyo inazaa nyingine bila mwandishi kukuna kichwa. Chanjo ihifadhiwe vipi njiani kutoka dukani hadi kijijini? Kideri kinatofautianaje na ndui ya kuku na homa ya matumbo? Bei ya kichupa ni kiasi gani mwezi huu, na duka la pembejeo liulizwe nini kabla ya kulipa? Kila moja inaunganishwa na nyingine, na msomaji aliyeingia kwa shida moja anatoka amejua matatu. Makala kumi na tano za namna hiyo juu ya jambo moja zina nguvu kuliko mia moja zilizotawanyika juu ya kila kitu, kwa msomaji na kwa Google pia.

Maswali ya namna hiyo yako kila mahali, na majibu mazuri ya Kiswahili bado ni machache. Kwa Mtanzania, namna ya kusahihisha jina lililokosewa kwenye kitambulisho cha NIDA. Nini kinadaiwa na RITA kwa cheti cha kuzaliwa cha mtu mzima. Jinsi ya kuomba kazi ya serikali kupitia Ajira Portal bila ombi kukwama. Kwa Mkenya, jinsi ya kupata PIN ya kodi ya KRA au kujaza ombi la mkopo wa masomo wa HELB bila kulipia mtu wa cyber. Anayeijua kazi fulani kwa sababu anaifanya kila siku amekaa juu ya hazina bila kujua: fundi wa pampu za maji, muuguzi, karani wa ardhi, mwalimu wa hisabati, dereva wa malori ya Tunduma.

Mahali, jina na gharama

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza muda mwingi, na ndipo panapodai muda mchache. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutumia Blogger, ambayo haitozi kitu na inatunzwa na Google. Inafaa kwa anayejaribu. Ya pili ni kutumia WordPress kwenye seva ya kukodi, ambapo programu ni ya bure lakini seva na domeni vinalipiwa kila mwaka. Domeni ya .com hugharimu kwa kawaida kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, zipo pia .co.tz na .co.ke zinazouzwa na mawakala wa hapa kwetu.

Kama kuna fedha ya kitu kimoja tu, inunuliwe domeni. Ukiwa na jina lako mwenyewe unaweza kuhama kutoka Blogger kwenda WordPress, au kutoka seva moja kwenda nyingine, na wasomaji wasijue kitu kimebadilika. Jina liwe fupi, litamkike kwenye simu bila kutaja herufi moja moja, na lisajiliwe kwa barua pepe yako mwenyewe, si ya fundi aliyekusaidia. Fundi akiwa ndiye mwenye jina, siku mkikosana blogu inakuwa yake. Weka pia utaratibu wa kupakua nakala ya akiba ya makala zote kila mwezi.

Kuhusu muundo, kipimo ni simu ya bei nafuu kwenye mtandao dhaifu, kwani huko ndiko wasomaji wengi waliko. Picha ndizo zinazoua kurasa. Simu za siku hizi hupiga picha ya MB 3 hadi 5. Ukipandisha picha kumi kama zilivyo, umemtaka msomaji apakue hadi MB 50 ili asome makala moja. Picha zilezile zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 zinashuka hadi karibu KB 200 kila moja, yaani MB 2 kwa zote kumi, na jicho halioni tofauti kwenye kioo cha simu. Kazi hiyo inachukua dakika chache kwa programu ya bure. Kutoifanya ni kumfukuza msomaji kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Kuandika kwa mwendo unaowezekana

Kasi ya mwanzo ndiyo inayoua blogu nyingi. Mtu anaandika kila siku kwa wiki mbili, anachoka, kisha aibu ya kunyamaza inamzuia kurudi. Mwendo wa makala moja kwa wiki, siku ileile, unatosha kabisa. Kwa mwaka hizo ni makala 52, hazina kubwa kuliko blogu nyingi zilizopo. Kabla ya kutangaza blogu yako kwa yeyote, kuwa na makala nne zilizokamilika na nne nyingine zilizoanzwa, ili wiki ya msiba, mtihani au ugonjwa isiache tundu.

Kuandika kwenyewe kuna kazi tatu zisizokwepeka. Ya kwanza ni kuhakikisha. Kama umetaja ada, nenda kwenye chanzo rasmi au piga simu uulize. Andika tarehe uliyohakikisha, msomaji aione. Ya pili ni kukata. Utangulizi wa aya tatu juu ya umuhimu wa jambo lenyewe hausomwi na mtu mwenye shida. Jibu litangulie, maelezo yafuate. Ya tatu ni kurudi. Taratibu za mikopo ya elimu ya juu, kwa mfano, hutolewa upya kila mwaka wa masomo. Mwandishi mwenye busara haandiki makala mpya ya bodi ya mikopo ya Tanzania, HESLB, kila mwaka na kuiacha ya zamani ipotoshe watu. Anaifanyia marekebisho ileile, kwenye anwani ileile, na kuandika juu ni ya mwaka gani. Ukurasa unaotunzwa hivyo hupata sifa inayoongezeka.

Kuna ugonjwa mmoja wa blogu zetu unaopaswa kusemwa wazi: kunakili. Habari moja utaikuta kwenye blogu kumi na tano, neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mbali na kwamba sheria za hakimiliki zinakataza, haina faida yoyote kwa anayenakili. Google ina nakala ya kwanza, haihitaji ya kumi na sita, na msomaji naye hana sababu ya kukumbuka ilikuwa blogu ipi. Blogu ya nakala inaweza kupata wapita njia wengi kwa siku moja, wala isipate msomaji hata mmoja.

Wasomaji hutoka wapi

Kwa miezi ya mwanzo wasomaji watakuwa wachache, na hilo ni la kawaida. Google huchukua muda kuiamini tovuti mpya. Katika kipindi hicho chombo cha kufungua mapema ni Google Search Console, ambacho ni cha bure. Kinakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kuiona blogu yako, mara ngapi ilitokea na mara ngapi ilibonyezwa. Ukiona watu wanaletwa kwako na swali ambalo hujalijibu sawasawa, umeshapata makala ya wiki ijayo. Usipunguze kazi hiyo kuwa kubandika maneno ya kutafutwa kila sentensi; Kiswahili kinachoandikwa kwa ajili ya mashine hutambulika mara moja na kuchosha.

Njia ya pili ni makundi ya WhatsApp na Facebook. Hapa adabu inalipa. Anayetupa kiungo na kuondoka huonekana msumbufu na mara nyingi huondolewa. Anayeandika jibu lenyewe kwa mistari minne ndani ya kundi, kisha akaacha kiungo kwa anayetaka zaidi, hukumbukwa na kuulizwa tena. Kwa mada ya kilimo, afya au shule, kundi moja la watu mia mbili wenye shida hiyohiyo lina thamani kuliko wafuasi elfu kumi waliokuja kwa sababu ya kichekesho.

Hata hivyo, usijenge kila kitu kwenye mtandao wa mtu mwingine. Afrika Mashariki imetufundisha somo hilo waziwazi. Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na Januari 2021 Facebook ikafungwa nchini humo kuelekea uchaguzi. Tanzania ilifunga mtandao wa X mwezi Mei 2025. Aliyekuwa na wasomaji wake wote kwenye mtandao mmojawapo kati ya hiyo iliyofungwa aliwapoteza kwa amri ya siku moja. Google nayo si mali yako: mabadiliko yake ya Septemba 2023 yaliporomosha wasomaji wa tovuti nyingi ndogo duniani. Ndiyo maana blogu inahitaji angalau njia moja ya kuwafikia wasomaji wake moja kwa moja: orodha ya barua pepe, chaneli ya WhatsApp, au vyote viwili.

Akili mnemba na thamani ya aliyekuwapo

Mwanzilishi wa leo ana changamoto ambayo Michuzi na Macha hawakuwa nayo. Programu za akili mnemba zinaandika "Faida za Ufugaji wa Kuku" ndani ya sekunde chache, na tangu 2024 Google imekuwa ikionyesha majibu ya namna hiyo juu kabisa ya matokeo. Makala za jumla zimeshuka thamani karibu kufika sifuri.

Lakini mashine haikwenda Kariakoo leo asubuhi kuuliza bei ya kichupa cha chanjo. Haikusimama dirishani pale ofisini kuona ni karatasi ipi hasa iliyomrudisha mwombaji nyumbani. Haikupiga picha ya kuku mwenye shingo iliyopinda katika banda la jirani. Ushahidi wa aliyekuwapo ndio unaopanda thamani, na ndio anaoumiliki hata mtu asiye na shahada wala mtaji. Tumia mashine kukagua tahajia au kupanga vichwa ukipenda, lakini usiiachie maarifa, na usikiamini Kiswahili chake bila kukipitia: ngeli huchanganywa, misemo hugeuzwa, na msomaji wa pwani au wa bara hulijua hilo kwa aya moja.

Sheria

Anayeandika kutoka Tanzania ajue historia hii. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa gharama zilizozidi shilingi milioni mbili katika mwaka wa kwanza. Wengi walisitisha kazi. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Kwa hiyo kabla ya kuanza, hasa kama utachapisha habari na matukio, soma kanuni zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA yenyewe, usitegemee alichosikia rafiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo. Kenya nayo ilitunga yake mwaka 2018 ikiweka adhabu za namna hiyo.

Ukikusanya barua pepe au namba za simu za wasomaji, unagusa sheria za taarifa binafsi: ya Kenya ni ya 2019, ya Tanzania ni ya 2022. Kusanya unachohitaji tu, eleza utakitumia kwa nini, na usiuze orodha hiyo kwa mtu. Usiweke picha ya mgonjwa, mtoto au marehemu bila ridhaa. Mengine ya sheria yanaweza kubadilika, lakini heshima hii kwa watu inabaki kuwa msingi wa kuaminiwa.

Pesa

Wengi huanza kwa sababu ya pesa, na hakuna aibu katika hilo. Tatizo ni kuitafuta mahali isipokuwepo. Njia inayotajwa sana ni matangazo ya Google AdSense, ambayo hulipa salio likifika dola 100. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kurasa 1,000 zilizofunguliwa zinaleta nusu dola. Ili kufikisha malipo hayo ya kwanza, kurasa zako zinapaswa kufunguliwa mara 200,000. Kwa blogu changa hiyo ni safari ndefu, na inamsukuma mwandishi kwenye vichwa vya habari vya kupotosha ili watu wabonyeze.

Linganisha na hili. Blogu ileile ya kuku ina wasomaji 2,000 wanaoiamini. Mwandishi ametengeneza kitabu kidogo cha PDF chenye ratiba ya chanjo, hesabu ya chakula na daftari la mapato, anakiuza kwa shilingi 5,000. Wakinunua 40 tu kati ya hao, wakalipa kwa Lipa Namba au M-Pesa, amepata shilingi 200,000 bila kampuni ya matangazo katikati. Wengine huuza ushauri, mafunzo ya siku moja, au bidhaa zao wenyewe. Fundi anayeeleza wazi jinsi ya kukagua pampu hupigiwa simu za kazi. Kwa wengi blogu inalipa zaidi kama ushahidi wa ujuzi kuliko kama ubao wa matangazo.

Kuna fedha za makampuni pia, yanayolipia makala. Zichukue ukipenda, ila mweleze msomaji juu kabisa kwamba makala imelipiwa, na ukatae usichoweza kumshauri ndugu yako: dawa zinazoponya kila kitu, mikopo ya mtandaoni inayodhalilisha wakopaji, ahadi za kutajirika kwa wiki. Imani iliyojengwa kwa miaka miwili huuzwa mara moja tu. Na mapato yana kodi yake. Kenya, kwa mfano, tangu 2023 inakata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi. Weka kumbukumbu tangu shilingi ya kwanza.

Mafanikio yapimwe kwa nini

Idadi ya waliofungua ukurasa ni kipimo cha kuangalia, si cha kuabudu. Baada ya mwaka mmoja jiulize mambo mengine. Je, nina angalau makala thelathini ambazo bado ni sahihi leo? Je, kuna watu wanaorudi bila kuitwa? Je, ninaulizwa maswali magumu kuliko niliyoanza nayo? Je, kuna anayemtumia mwenzake makala yangu akisema, soma hii, utaelewa? Ukijibu ndiyo kwa mengi kati ya hayo, blogu yako inakua hata kama namba bado ni ndogo. Ukijibu hapana kwa yote, kubadilisha rangi na muundo hakutasaidia. Rudi kwenye swali la nani unamwandikia.

UNESCO inakadiria wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Wengi wao wakiugua, wakidai haki ya ardhi, wakilima au wakitafuta kazi, bado wanalazimika kutafuta maelezo kwa Kiingereza wasichokimudu, au kumlipa mtu awasomee. Pengo hilo halitazibwa na wizara wala kampuni kubwa peke yake, kwa sababu majibu yenyewe yako vichwani mwa watu wa kawaida wanaofanya kazi hizo kila siku. Anayetaka kuanza achague swali moja analolijua kwa undani, alijibu kwa Kiswahili vizuri kuliko lilivyowahi kujibiwa mahali popote, alihakikishe, alitunze, kisha ahamie la pili.